Kamalondo: Kabla ya kuchagua timu, hesabu dau lako

LUBUMBASHI – Siku ya posho, barabara zinazozunguka uwanja wa TP Mazembe katika komine ya Kamalondo hazikosi habari za kabumbu. Kukiwa na mechi uwanjani, rangi nyeupe na nyeusi hujaa njia nzima. Kusipokuwa na mechi, kuna televisheni ndani ya nganda, kuna michuano ya Uingereza, Uhispania na Ufaransa, na kuna simu mkononi zenye tikiti za pari zinazongojea filimbi ya mwisho.

Mabishano ni yale yale kila juma: nani atashinda, nani atafunga, mabao yatapita mawili au hapana. Kila kijana ana sababu zake, na wengi wao wanaijua kabumbu kwelikweli. Lakini kuna swali moja ambalo halipewi nafasi katika mabishano hayo. Mtu mwenye franga 100 000 za mwezi mzima aweke ngapi kwenye mechi moja? 500? 5 000? Zote?

Swali hilo ndilo linaloamua kama mwisho wa mwezi kutakuwa na feza ya kodi ya nyumba, minerval ya mtoto na meka ya unga, au kutakuwa na deni. Na watu waliolichunguza kwa bidii kuliko wote, kwa miaka zaidi ya 60, si wapenzi wa mpira. Ni wahesabu karata wa mchezo wa blackjack.

Mwalimu wa hesabu ndani ya kazino

Blackjack, ambao wengine huuita ishirini na moja, ni mchezo kati ya mchezaji na mgawaji karata wa kazino. Kila mmoja anajaribu kukaribia 21 bila kupita. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba yake, zenye picha huhesabiwa 10, na asi huhesabiwa 1 au 11. Mchezaji akipewa asi pamoja na karata ya 10 tangu mwanzo, hiyo ndiyo blackjack yenyewe, na kwenye meza nzuri anapata faida ya dola 3 kwa kila dola 2 alizoweka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Edward Thorp, mwalimu wa hesabu huko Marekani, alitumia kompyuta ya IBM katika chuo cha MIT ili kuchunguza jambo moja: karata zilizokwisha kutoka hazirudi mezani mpaka zichanganywe upya. Basi mtu aliyeziangalia zilizotoka anajua kitu kuhusu zilizobaki. Zikibaki kubwa nyingi, nafuu iko kwa mchezaji. Zikibaki ndogo nyingi, nafuu iko kwa kazino.

Mwaka 1961 Thorp alikwenda Nevada na dola 10 000 za wadhamini, na feza hizo zikaongezeka mara mbili. Mwaka 1962 alitoa kitabu chake, Beat the Dealer, na tangu hapo kazino na wahesabu karata wamekuwa wakiwindana.

Njia inayofundishwa zaidi kwa wanaoanza si ngumu kuielewa. Karata ya 2, 3, 4, 5 au 6 ikitoka, mchezaji anaongeza 1 kichwani. Ikitoka 7, 8 au 9, haongezi wala hapunguzi. Ikitoka 10, yenye picha au asi, anaondoa 1. Hesabu ikipanda, maana yake karata ndogo zimekwisha kutoka na kubwa bado zinangoja.

Kuna hatua moja zaidi. Kazino nyingi hutumia pakiti sita au nane kwa pamoja, kwa hiyo hesabu hiyo lazima igawanywe kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Mtu aliyefika 9 na pakiti tatu bado hazijagawiwa ana hesabu ya kweli ya 3. Lakini 9 hiyo hiyo, zikiwa zimebaki pakiti sita, ingekuwa 1,5 tu.

Faida nyembamba, dau dogo

Wengi wakisikia habari hizo hufikiri kwamba mhesabu karata ni mtu anayeshinda kila mara. Sivyo. Mtu anayecheza kila karata kwa namna bora kabisa, bila kuhesabu, bado anakuwa nyuma ya kazino kwa karibu nusu asilimia. Kila pointi moja ya hesabu ya kweli inamrudishia karibu nusu asilimia. Kwenye 1, yeye na kazino wako sawa. Kwenye 3, yeye ndiye ana nafuu, na nafuu hiyo ni karibu asilimia 1.

Asilimia 1 ni kidogo. Mtu akicheza mara 100 kwa dola 5 kila mara, akiwa na nafuu hiyo muda wote, anategemea kupata faida ya dola 5 kwa wastani. Lakini kupanda na kushuka kwa kawaida katika michezo hiyo 100 kunapita dola 50. Maana yake, anaweza kucheza vizuri kabisa, bila kosa lolote, na kutoka mezani akiwa amepoteza dola 40. Hakuna aliyemwibia. Ndiyo hali ya mchezo wenyewe.

Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la anayeanza kuhesabu karata ni dau. Anafundishwa kutenga mtaji, yaani feza ya mchezo peke yake, isiyogusana na ya chakula wala ya nyumba. Kisha anachagua dau dogo la kuanzia, ambalo mtaji huo unaweza kulibeba mara mamia kadhaa, na wenye tahadhari husema hata mara elfu moja. Hesabu ikiwa chini, anaweka dau hilo dogo au anaondoka mezani. Hesabu ikipanda, anaongeza kwa mpango alioandika kabla ya kuketi.

Mfano: dola 10 kama hesabu ya kweli ni 1 au chini yake, 20 ikifika 2, 40 ikifika 3, na 60 ikifika 4. Mpango huo hauangalii kama ameshinda au ameshindwa mara ya mwisho. Hauangalii kama ana hasira au kama leo ni siku yake ya kuzaliwa. Unaangalia karata zilizobaki, basi. Na mtu mwenye dola 300 mfukoni hawezi kuufuata mpango huo, kwa sababu madau machache mabaya ya 60 yanammaliza kabla nafuu yake haijafanya kazi.

Ushindi ule ule, mifuko mitatu

Nani aliamua kwamba dau liwe dogo hivyo? Mwaka 1956, John Kelly, mtafiti wa maabara ya Bell huko Marekani, aliandika makala kuhusu habari zinazopita katika nyaya za simu. Ndani yake mlikuwa na jibu la swali la wachezaji: mtu mwenye nafuu aweke sehemu gani ya mtaji wake ili ukue haraka bila kufa? Claude Shannon, mtaalamu mkubwa wa elimu ya mawasiliano, alimwonyesha Thorp makala hiyo, na Thorp akaitumia mezani.

Hesabu ya Kelly inaweza kuonekana kwa sarafu. Tuseme kuna sarafu iliyopinda kidogo, ambayo ikitupwa mara 100 inampa mchezaji ushindi mara 55 na kumnyima mara 45. Akishinda, anapata faida sawa na dau lake. Ni sarafu ya neema. Hakuna kampuni itakayoitoa.

Wachezaji watatu wanaanza kila mmoja na franga 100 000. Wote watatu wanashinda mara 55 na kushindwa mara 45.

Wa kwanza anaweka kila mara sehemu moja ya kumi ya feza aliyo nayo wakati huo. Mwishoni ana karibu franga 165 000.

Wa pili anaona huyo ni mwoga. Anaweka sehemu moja ya tano. Mwishoni ana karibu franga 98 600. Ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, na bado amepoteza kidogo.

Wa tatu anaamini sarafu yake na anaweka nusu ya feza yake kila mara. Mwishoni anabaki na franga 14.

Sababu inaonekana kwa kuangalia michezo miwili tu. Aliye na franga 100 000 akiweka nusu na kushinda, ana 150 000. Akiweka tena nusu na kushindwa, anabaki na 75 000. Ameshinda mara moja, ameshindwa mara moja, na robo ya feza yake imekwenda. Dau kubwa linakula hata nafuu ya kweli. Wahesabu karata wengi kwa hiyo huweka nusu tu ya kile ambacho hesabu ya Kelly inawaruhusu, kwa kuwa wanajua kwamba hata wao wenyewe hukosea kuhesabu.

Kati ya karata na kabumbu

Mpaka hapo mchezaji wa pari wa Kamalondo anaweza kusema: sawa, nitaweka madau madogo, nitakuwa kama Thorp. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mhesabu karata anangoja mpaka nafuu iwe upande wake, ndipo anaongeza dau. Mchezaji wa pari, mara nyingi, nafuu haiko upande wake tangu anapofungua tikiti.

Ushahidi upo ndani ya tikiti yenyewe, kwenye namba ya malipo, ile wachezaji wanayoiita «cote». Chukua mechi ambayo mabao kupita mawili na mabao kutopita mawili vina uwezekano sawa, nusu kwa nusu. Malipo ya haki yangekuwa 2,00 kila upande: weka 1 000, ukishinda upokee 2 000. Lakini kampuni itaandika, kwa mfano, 1,85 huku na 1,85 kule.

Mtu akiweka franga 1 000 mara 100 katika mechi za namna hiyo, ametoa 100 000. Akishinda mara 50, anarudishiwa 1 850 mara 50, yaani 92 500. Franga 7 500 zimebaki kwa kampuni, bila mtu yeyote kudanganywa na bila timu yoyote kuuza mechi. Hiyo ndiyo mishahara ya kampuni, matangazo yake na faida yake.

Kwa namba hiyo ya 1,85, mchezaji lazima apate zaidi ya mechi 54 kati ya 100 ili arudishe tu alichotoa. Faida inaanzia 55: hapo atapokea 101 750, faida ya franga 1 750 baada ya pari 100. Na hata huyo fundi, mwenye uwezo wa kweli wa kupata 55 kati ya 100, hesabu ya Kelly inamwambia asiweke zaidi ya asilimia 2 ya mtaji wake kwenye mechi moja. Mwenye 100 000 aweke 2 000.

Kombine inavyokula

Si wengi wanaocheza mechi moja moja. Kinachopendwa ni kombine: mechi tano, kumi au zaidi kwenye tikiti moja, franga 500 zikitazamiwa kuzaa mamia ya maelfu. Ikikosa moja, tikiti yote imekufa, na kila mtu ana hadithi ya tikiti iliyokufa kwa mechi moja katika dakika ya mwisho.

Hesabu yake haina huruma. Katika mechi kumi za nusu kwa nusu, nafasi ya kupata zote ni moja kati ya 1 024. Kwa haki, franga 500 zingelipa 512 000. Lakini 1,85 ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa karibu 470, na hivyo malipo ni karibu 235 000. Anayeshinda hafikirii hivyo. Anaona 235 000 zilizotoka kwa 500, na mtaa mzima unazungumza habari yake. Haoni kwamba amelipwa chini ya nusu ya thamani ya hatari aliyoibeba.

Mechi moja inabakiza kwa kampuni 7,5 kwa kila 100. Kombine ya mechi tano inabakiza karibu 32. Ya mechi kumi inabakiza 54. Kampuni inakata sehemu yake mara moja kwa kila mechi iliyomo, na ndiyo maana matangazo mengi ya pari yanasifia kombine na kuiongezea zawadi.

Kuongeza mara mbili

Njia nyingine inayopita kutoka kinywa hadi kinywa ni ile ya kuongeza dau mara mbili baada ya kila kushindwa. Wanaoisifia husema mtu hawezi kushindwa milele, na siku akishinda anarudisha zote. Ni njia ya zamani sana. Ulaya iliijua tangu karne ya 18 kwa jina la martingale.

Ukianza na 500, mfululizo ni 500, 1 000, 2 000, 4 000, 8 000, 16 000, 32 000. Mtu akishindwa mara saba mfululizo, franga 63 500 zimekwenda, na sasa anatakiwa kutafuta 64 000 nyingine. Kushindwa mara saba mfululizo katika mchezo wa nusu kwa nusu kunatokea mara moja kati ya 128. Kwa anayecheza kila siku, hiyo si ajabu. Ni suala la miezi.

Tena, kwa malipo ya 1,85, njia hiyo haifanyi hata kile inachoahidi. Mtu akishindwa mara tatu, amepoteza 3 500. Akiweka 4 000 na kushinda, faida yake ni 3 400. Ameshinda, na bado anadai 100. Kuanzia hapo, kadiri anavyochelewa kushinda, ndivyo ushindi wenyewe unavyomwacha na hasara kubwa zaidi.

Tofauti na mhesabu karata ni wazi. Huyu naye huongeza dau, wakati mwingine mara nne au sita. Lakini anaongeza kwa sababu karata zilizobaki zimebadilika. Anayeongeza kwa sababu ameshindwa hana habari mpya. Mechi ya usiku haijui kama tikiti ya mchana ilikufa.

Blackjack ya simu

Kwenye programu hizo hizo za pari kuna pia michezo ya kazino, na blackjack imo ndani. Anayesoma habari za Thorp anaweza kushawishika kujaribu huko. Asijaribu. Katika blackjack ya simu inayoendeshwa na kompyuta, karata kwa kawaida huchanganywa upya kila mkono. Hakuna zilizotoka wala zilizobaki, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu. Ule mchezo wa ndege inayopaa na kukatika ghafla uko vilevile: kila safari inaanza upya, na orodha ya safari zilizopita inayoonyeshwa juu ya kioo haisemi lolote kuhusu inayokuja.

Hata mezani mwa kazino halisi, mambo yamebadilika tangu 1962. Pakiti zimeongezwa, mashine huchanganya karata bila kukoma, na sehemu nyingine blackjack hulipa dola 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Huko Nevada si kosa la sheria mtu kuhesabu kwa kichwa chake, lakini kazino ina haki ya kumwomba aondoke. Kampuni nyingi za pari ulimwenguni zina njia inayofanana: mteja anayeshinda sana hupunguziwa kiwango anachoruhusiwa kuweka. Anayeshindwa hapunguziwi.

Wanaouza siri

Pale ambapo hesabu imefunga mlango, wapo wanaouza dirisha. Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, watu wasiojulikana huuza matokeo ya mechi wanazosema zimekwisha kununuliwa. Wengine hutoa tikiti ya kwanza bure, nayo inashinda kweli.

Namna yake inaeleweka. Muuzaji akiwatumia watu 100 utabiri kwamba mabao yatapita mawili, na watu wengine 100 kwamba hayatapita, kundi moja litaona ameshinda. Anawaacha walioshindwa, anawagawa tena walioshinda, na baada ya mara tatu kuna watu 25 wanaoapa kwamba hajawahi kukosea. Hao ndio wanaombwa kulipa kwa simu.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1991 wanalijua jambo hilo kwa sura nyingine. Wakati huo, nchi ikiitwa bado Zaire, Bindo Promotion ya Kinshasa na michezo mingine ya namna hiyo iliahidi kuzalisha feza za watu kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa feza za waliofuata. Kisha malipo yakasimama, na akiba za familia nyingi zikapotea. Mwenye siri ya kuzalisha feza hana sababu ya kuiuza kwa franga 10 000.

Moyo wa Kamalondo

Pamoja na hayo yote, Kamalondo ina sababu ya kuamini yasiyowezekana. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kipa Robert Kidiaba aliruka kwa makalio kama kawaida yake, na Lubumbashi nzima ikaimba. Siku nne baadaye Inter Milan ilishinda fainali 3-0, lakini hakuna aliyesahau ile ya kwanza.

Ni kweli kwamba mdogo hushinda. Lakini mhesabu karata angeuliza jambo lingine: je, malipo yalilingana na nafasi? Timu yenye nafasi moja kati ya tano inastahili malipo ya 5,00. Anayeichukua kwa 4,00 amenunua ghali, hata kama siku hiyo imeshinda. Na moyo ndio unaowafanya watu wanunue ghali. Siku ya Mazembe na Lupopo, ni nani wa Kamalondo atakayekubali kwamba namba ya malipo ya Mazembe ni ndogo mno?

Anayeamini kwamba ujuzi wake wa mpira unashinda namba za kampuni ana njia ya kujipima, na haina gharama. Achukue daftari. Kabla ya kila mechi aandike tarehe, chaguo, namba ya malipo na dau, hata kama ni dau la mdomo tu lisilo na feza. Baada ya mechi aandike matokeo. Asifute kitu. Na asijidanganye na mechi 100 za kwanza: mtu anayebahatisha tu, katika mechi za nusu kwa nusu, hupata 55 au zaidi karibu mara 18 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Mamia kadhaa ya mechi ndiyo yanaanza kusema kitu.

Wengi wakifanya hivyo watakuta kwamba hawana nafuu. Kwa mtu asiye na nafuu, hesabu ya Kelly inatoa dau moja tu, nalo ni sifuri.

Franga 100 000 zinakwenda wapi

Hiyo haina maana kwamba kila anayeweka franga 500 kwenye mechi ametenda dhambi. Watu hulipa kuingia uwanjani, hulipa chupa ya Simba, na feza hizo hazirudi. Pari inaweza kuwa gharama ya furaha kama hizo, mradi iwekwe katika fungu hilo. Kiasi kinatengwa mwanzoni mwa mwezi, baada ya kodi, chakula na masomo. Kikiisha, kimeisha mpaka mwezi mwingine. Hakirudishwi kwa kukopa, wala kwa kuuza simu, wala kwa feza ya mama ya soko.

Dalili za hatari zinajulikana. Mtu anaanza kuficha tikiti. Anakopa ili arudishe zilizopotea. Anakasirika akiulizwa. Anaongeza dau kila anaposhindwa. Aliyefika hapo hahitaji mkakati mpya. Anahitaji kusimama, kufuta programu kwenye simu, na kumpa mtu anayemwamini amtunzie feza kwa muda.

Feza zinazotakiwa kukua zina njia nyingine, na katika mitaa ya Lubumbashi njia hiyo haihitaji kuelezwa. Watu kumi wa likelemba wakitoa 10 000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapokea 100 000 nzima. Haziongezeki hata franga moja. Lakini hakuna anayekatwa 7 500 njiani, hakuna nafasi moja kati ya 1 024, na kila mmoja anajua mwezi wake. Kwa 100 000 hizo kuna waliofungua kibanda cha makala, waliolipa minerval, walionunua mfuko wa unga na kuuuza kwa meka.

Siku ya posho ijayo watu watarudi kwenye barabara za uwanja, na mabishano yataanza tena. Aliyeweka 500 kwa ajili ya furaha yake ataiangalia mechi mpaka mwisho, na tikiti ikifa atacheka na wenzake kabla ya kurudi nyumbani. Aliyeweka feza ya kodi ya nyumba hataiangalia kabumbu. Ataangalia saa.